Kabla ya Kenge, Pima Udongo

Kiboksi cha plastiki, kama kile cha kubebea chipsi. Ndani kuna karatasi ya jikoni iliyoloweshwa kidogo, na juu ya karatasi kuna mtoto wa kenge ambaye kiwiliwili chake hakijazidi kidole gumba cha mtu mzima. Ngozi ni ya kijivu, ina madoa ya duara yaliyozungushiwa ukingo mweusi. Ulimi wenye ncha mbili unatoka, unapapasa kona ya plastiki, unarudi. Koo linapanda na kushuka. Kwenye kifuniko kumeandikwa kwa kalamu nene: *V. exanthematicus*, FZ. Jina hilo la kisayansi ni la kenge wa savana.

Hapo ni Hamm, Ujerumani, kwenye maonyesho ya reptilia yanayojaza kumbi mara kadhaa kwa mwaka. Mtoto huyo anauzwa kwa bei ndogo kuliko taa atakazohitaji.

Ni wiki kadhaa sasa kiboksi hicho hakijanitoka kichwani. Swali la Waswahili walioko Ulaya na Marekani wanaotaka kufuga kenge huwa ni lilelile: nichukue kenge gani? Na wengi wanapouliza huwa wameshampenda huyu wa kwenye boksi. Ni wa Afrika, ni wa kwetu, hakui sana, ni mpole, na bei yake inalipika.

Nimejaribu kuikubali hoja hiyo. Imenishinda kila nilipoigusa.

## Herufi mbili

FZ ni kifupi cha Kijerumani chenye maana ya mnyama wa shambani. WF ni aliyekamatwa porini, na NZ ni aliyezaliwa na wazazi wanaofugwa. Marekani utakutana na WC (wa porini), CH (wa shambani) na CB (wa kufugwa), zenye maana zinazokaribiana na hizo.

Inayopotosha ni hiyo FZ. Kwa kenge wa savana, "shamba" mara nyingi maana yake ni kwamba mayai yamefukuliwa, au jike mwenye mimba amekamatwa, huko Ghana, Togo au Benin. Mayai yakaanguliwa kwa msafirishaji, watoto wakapandishwa ndege. Mnunuzi akisikia shamba anawaza banda lenye baba na mama. Wazazi wanaofugwa hawapo.

Halafu hilo la "wa kwetu". Kenge wa savana ni wa ukanda ulio kusini mwa Sahara, kutoka Senegal kwenda mashariki. Yule wa nchi kavu anayeonekana Dodoma au Tsavo ni kenge wa koo jeupe, *Varanus albigularis*, ambaye zamani wataalamu walimhesabu kuwa jamii moja na huyu. Anafikia mita moja na nusu na ana nguvu za kung'oa mlango wa kizimba uliofungwa kwa bawaba dhaifu.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pochi, uliza mambo matatu: picha ya wazazi wote wawili, tarehe ya kuanguliwa, na karatasi za asili yake. Kenge wote wa jenasi *Varanus* wamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Walio wengi wako Kiambatisho cha Pili, ambacho kinaruhusu biashara yenye vibali. Wachache wako cha Kwanza, akiwemo Komodo na yule kenge wa jangwani anayefika hadi Oman, ambaye Waarabu humwita *waral*. Jina hilo la Kiarabu ndilo lililozaa neno *Varanus*. Msomaji uliyeko Muscat, ukimwona mchangani, mpige picha na umwache aende zake.

Ukishapata majibu, mtazame mnyama mwenyewe, na uanze na sikio. Kwetu mtu asiyeambilika huitwa sikio la kenge, halisikii mpaka litoke damu. Tundu la sikio la kenge liko wazi nyuma ya taya, na kwa waliotoka porini ndimo kupe wanamojibanza. Angalia pia makwapani. Kisha shina la mkia: likiwa limebonyea pembeni na mifupa ya nyonga inahesabika, mnyama hajala siku nyingi. Macho yaliyozama ni upungufu wa maji. Ncha za vidole ziwe zimekamilika, maana gamba lisilovuka vizuri hukaba kidole mpaka kikatike.

## Tani mbili na nusu

Hapa ndipo mawazo yangu yalipogeuka.

Mwongozo wa kawaida huanza na mnyama, ukaja ukubwa wa kizimba, mwisho taa. Udongo hutajwa mwishoni kabisa, "weka kiasi". Lakini ukiuliza nini hasa huwaua kenge wa savana kabla ya miaka mitano, unarudi kwenye udongo kila mara.

Porini kenge huyu hukaa ardhini kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Mtafiti Mwingereza Daniel Bennett aliwafuatilia huko Ghana na kukuta wadogo wakiishi kwenye mashimo ya nyenje wakubwa, wakila wadudu: nyenje, panzi, majongoo. Ndani ya shimo hewa ni nzito kwa unyevu hata kiangazi. Ndani ya kizimba chenye maganda ya mbao ya sentimita tano, chini ya taa kali, mnyama yuleyule anakauka polepole kwa kila pumzi. Bakuli la maji haliondoi tatizo hilo. Figo zinalemewa, chumvi za mkojo zinaganda kwenye viungo, jongo linaingia. Ukiongeza panya kila siku, kwa sababu "kenge ni mla nyama", ini linajaa mafuta. Anaonekana mnene na mpole. Upole huo ni ugonjwa.

Kwa jike kuna la ziada. Anaweza kutunga mayai hata kama hajawahi kuona dume. Asipopata udongo wa kuchimba, wenye kina na joto la nyuzi 28 hadi 30, huyazuia mayai tumboni. Wengi hufa hivyo, na mwenye nyumba hudhani alikuwa dume aliyekosa hamu ya kula.

Sasa piga hesabu. Kenge wa savana mmoja aliyekomaa, wa urefu wa mita moja hivi, anahitaji kizimba cha sentimita 240 kwa 120 na udongo wa kina cha sentimita 60. Hiyo ni lita 1,728. Udongo wenye mchanga na unyevu una uzito wa kama kilo moja na nusu kwa lita.

Tani mbili na nusu na ushei.

Sakafu nyingi za nyumba za kuishi Ulaya hupigiwa hesabu ya kubeba kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Udongo huu unaleta 900. Anayeishi ghorofa ya tatu, iwe Berlin au Minneapolis, amekwisha pata jibu lake. Wa kumfuga ni mwenye gereji, banda la nje lililofungiwa joto, au chumba cha chini chenye sakafu ya zege.

Tangu nilipopiga hesabu hiyo, nimeacha kuuliza mtu anapenda kenge gani. Nauliza nyumba yake inabeba udongo kiasi gani.

## Aki

Kuna kenge wa Australia mwenye mkia wa miiba, *Varanus acanthurus*, ambaye wafugaji humwita aki. Kwa urefu wote ni sentimita 60 hadi 70, na zaidi ya nusu ni mkia. Kwao huishi kwenye miamba na vichaka vya nyasi kali. Akitishwa hujisukuma kwenye ufa, hujaza mwili hewa mpaka abane kuta, na mkia wa miiba hubaki kuziba mlango.

Australia hairuhusu kusafirisha wanyamapori wake hai kwa biashara. Aki wanaouzwa Ulaya na Marekani wametokana na vizazi vya wanaofugwa, na kwa hiyo ile picha ya wazazi ipo. Bei yake ni mara kadhaa ya mtoto wa savana, na hapo wengi hurudi nyuma. Naelewa. Lakini weka bei ya mnyama pembeni, ujumlishe udongo, mbao, taa na umeme wa miaka 15, maana aki anaweza kufika umri huo na kuupita. Utaona bei ya kununulia inapotelea humo ndani.

Kizimba cha aki mmoja: sentimita 120 kwa 60, udongo wa sentimita 30. Lita 216, kilo kama 320. Ni sawa na tangi la samaki la lita 300, kitu ambacho watu huweka nyumbani wakikiegemeza kwenye ukuta imara. Mwulize mwenye jengo kwanza.

Kosa linaloanzia dukani ni hili: vizimba vingi vya kioo vina ukingo wa mbele wa sentimita 10 au 15. Udongo ukipita hapo unamwagika kila mlango unapofunguliwa. Ni afadhali kutengeneza cha plaiwudi ya milimita 18. Sehemu ya chini iwe kama sanduku la sentimita 35, ndani lipakwe epoksi tabaka mbili na kuachwa likauke mpaka harufu iishe kabisa, na mlango wa kioo uanzie juu ya hapo. Weka mhimili wa mbao katikati ya ubao wa mbele. Udongo wenye maji husukuma, na ubao usio na mhimili hupinda.

Udongo wenyewe uwe wa juu wa shamba usio na mbolea wala dawa, uchanganywe na mchanga wa ujenzi kama theluthi moja. Kamata konzi, ukamue. Ukifungua kiganja ubaki na umbo la ngumi. Ukiugusa kwa kidole uvunjike vipande viwili au vitatu. Ukibaki donge, una mfinyanzi mwingi au maji mengi. Ukimwagika, una mchanga mwingi, na shimo litamfukia mnyama. Shindilia kwa mikono kila sentimita kumi unazojaza. Maji yamiminwe kwenye kona moja yashuke mpaka chini, juu pabaki pakavu. Kupuliza maji juu kila siku huacha chini pakavu na hualika ukungu.

Ukitaka wawili, kumbuka kwamba jinsia ya watoto haitambuliki kwa uhakika, na madume wawili watakuja kupigana. Mmoja anatosha.

## Joto la kupima mgongoni

Hapa watu huogopa namba, wakapunguza, na mnyama akaumia kwa kupunguziwa.

Mahali pa aki pa kuota jua panatakiwa pafike nyuzi 60 hadi 70, zikipimwa juu ya jiwe au ubao kwa kile kipimajoto cha bastola. Si joto la hewa. Aki hupanda hapo dakika chache, mwili ukikaribia nyuzi 36 anashuka akawinde. Upande wa pili wa kizimba ubaki 25 hadi 28. Ukiweka nyuzi 40 tu ili "asiungue", atalala chini ya taa kutwa nzima akitafuta joto asilolipata, huku akikauka.

Wanaoungua huunguzwa na taa moja kali yenye mwanga mwembamba. Inachoma sehemu ndogo ya mgongo wakati tumbo na mkia bado ni baridi, kwa hiyo mnyama hasogei. Tumia taa mbili au tatu za halojeni za wati 50, zikae bega kwa bega, ili mwanga umfunike kutoka pua hadi shina la mkia. Zipandishe au zishushe mpaka kipimajoto kikubali. Taa nyekundu za usiku hazihitajiki.

Chini ya taa panga mbao tano au sita zikiachana kwa upana wa vidole viwili, kama rafu. Wafugaji huita mpangilio huu kwa jina la Mmarekani Frank Retes. Kila ngazi inayoshuka ni ya baridi kidogo kuliko ya juu yake, na aki anajichagulia joto huku mgongo na tumbo vikigusa ubao, kama kwenye ufa wa mwamba. Sijaona kifaa cha bei nafuu chenye faida kubwa kuliko hiki.

Ongeza taa ya mrija ya UVB (mionzi ya urujuanimno kama ile ya jua), ubadilishe kila baada ya mwaka hata kama bado inawaka, kwa sababu mionzi hupungua kabla ya mwanga. Taa zote hizo, kama wati 190 kwa saa 12, hula karibu yuniti 70 za umeme kwa mwezi.

Chakula cha aki ni rahisi kuliko udongo wake: nyenje, panzi na mende wa kufugwa, waliopakwa unga wa kalsiamu. Mdogo kila siku, mkubwa mara nne au tano kwa wiki. Yai au panya mchanga mara mojamoja. Kalsiamu na UVB vikikosekana taya hulainika na miguu huingia matege.

## Wale wengine

Kenge wa Nile, huyu wetu wa mito na maziwa, huuzwa Marekani akiwa mtoto mwenye vitone vya njano vya kupendeza. Anapita mita moja na nusu, na wako wanaofika mbili. Wenye nyumba huko Florida walipochoka waliwaachia, na mifereji ya Cape Coral ikawapa makazi. Mwaka 2021 jimbo hilo likamwingiza kwenye orodha ya marufuku. Usimchukue.

Kenge wa maji wa Asia, *Varanus salvator*, huzoea watu kuliko wote, nakubali. Lakini anahitaji chumba kizima chenye bwawa la kuoga linalobadilishwa maji, kwani ndimo anamojisaidia. Mwenye chumba hicho na fedha za kudumu anaweza kufikiri.

Kenge wa mitini, weusi na wa kijani kutoka upande wa Papua, ni wazuri kiasi cha kumfanya mtu asahau hesabu. Wengi huja wakiwa wa porini, wamejaa minyoo, na wanataka kizimba kirefu cha unyevu mwingi. Wa Timor ni mdogo kama aki, ila ni mwoga. Utamfuga miaka, umwone mara chache.

## Na aliyeko nyumbani?

Wapo wanaouliza kutoka Arusha au Kisumu, ambako kenge anapita nyuma ya banda la kuku. Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, Kenya ina yake ya 2013, na zote zinataka kibali kabla ya kumweka mnyamapori ndani. Lakini hata bila sheria ningesema hapana. Kenge aliyekomaa porini akifungiwa hujigonga pua kwenye wavu mpaka mfupa uonekane. Kaa kando ya mto asubuhi, saa tatu hivi, jua likishapasha mawe. Tunasema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Kando ya maji utamkuta kweli, akinusa mchanga kutafuta mayai ya mamba huyohuyo.

## Yule wa kwenye boksi

Bado ananisumbua. Mtu husema: nisipomnunua atakufa. Huenda. Lakini nafasi yake mezani hujazwa na mwingine, na fedha yako ndiyo inayomleta.

Ikiwa kweli una gereji na sakafu ya zege, na moyo wako uko kwa kenge wa savana, wako wakubwa waliokwisha achwa na wenyewe. Munich kuna kituo kinachopokea reptilia, na miji mingine ina vya namna hiyo. Mkubwa wa kituoni umeshajua jinsia yake, na daktari ameshampima. Ni yeye ningependekeza, mbele ya mtoto yeyote wa FZ.

Kwa walio wengi, aki. Ila usimwagize bado. Jaza udongo, washa taa, chimba handaki la upana wa ngumi kutoka upande wa baridi kwenda chini ya mbao, na ukiache kizimba kitupu siku 14. Andika namba mara tatu kwa siku: juu ya ubao, upande wa baridi, na chini ya udongo. Siku ya 14 ingiza mkono taratibu mpaka mwisho wa handaki. Ukikuta dari limesimama na udongo una ubaridi wa unyevu, mpigie mfugaji. Ukikuta limeporomoka, fukua, punguza mchanga, shindilia upya, na anza kuhesabu tena kutoka siku ya kwanza.